Uvimbe wa Amiloidi Kwenye Uti wa Mgongo: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Uvimbe ukionekana kwenye pingili za mgongo, ni saratani au kifua kikuu cha mifupa.

Ukweli: Mara nyingi huwa hivyo, na katika nchi zetu kifua kikuu hakina budi kufikiriwa mapema. Hata hivyo, wapo wagonjwa wachache sana ambao uvimbe wao ni amiloidi, yaani protini iliyojikunja vibaya, ikawa nyuzinyuzi zisizoyeyuka na kurundikana mahali pamoja, aghalabu kwenye pingili za kifuani, hadi ikabana neva. Picha ya MRI, yaani ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, huonyesha uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini haiwezi kuthibitisha ni wa aina gani. Uthibitisho hutoka kwenye kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, kisha kupakwa rangi iitwayo Congo red na kutazamwa kwa hadubini yenye vichujio maalumu vya mwanga: kilichokuwa chekundu hung'aa kijani cha tufaha bichi. Rangi hiyo isipotumika, ugonjwa huu hupita bila kutambuliwa kwa urahisi, na ndiyo sababu daktari anayepeleka kinyama maabara anapaswa kuandika shaka yake kwenye fomu.

Dhana: Amiloidi ni wanga ulioganda mwilini.

Ukweli: Jina ndilo linalopotosha. Mwaka 1854 Rudolf Virchow aliona kitu hiki kikibadilika rangi kwa iodini kama wanga, akakiita amiloidi, yaani kinachofanana na wanga. Kufikia 1859 ilikwisha kubainika kwamba ni protini. Kuacha ugali hakuupunguzi uvimbe.

Dhana: Mwenye amiloidi mgongoni, moyo na figo zake zimekwisha kuharibika.

Ukweli: Si lazima. Amiloidi inaweza kuwa hapo tu, na ikiwa hivyo, upasuaji wa kuiondoa na kuzipa neva nafasi mara nyingi huleta matokeo mazuri. Lakini hilo halikisiwi: damu, mkojo, uboho na moyo hupimwa kwanza, na aina ya protini hutambuliwa, kwa kuwa ya mtu aliyesafishwa damu kwa mashine miaka mingi hutofautiana na ile inayotokana na seli za plazma, yaani seli za uboho zinazotengeneza kingamwili.

Dhana: Maumivu ya mgongo ni ya kuvumilia.

Ukweli: Ndara ikimvuka mtu mguuni bila yeye kuhisi, miguu ikilegea, au mkojo ukigoma kutoka, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirudie hali yake hata uvimbe ukiondolewa.