Hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko kavu

Mwezi Machi, masika yakikaribia Moshi, utasikia watu stendi wakilalamika: "Leo hewa nzito!" Wengi huamini kweli kwamba mvuke wa maji hujazwa juu ya hewa iliyokuwapo, hivyo uzito unaongezeka. Sivyo.

Hewa kavu ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, na karibu 1 iliyobaki ni agoni pamoja na gesi nyingine kidogo kidogo. Mvuke ukiingia, unachukua nafasi ya hizo. Kwa joto na mgandamizo uleule, ujazo uleule wa gesi hubeba idadi ileile ya molekuli. Wazo hilo Avogadro, mwanasayansi Mwitaliano, alilitoa mwaka 1811. Sasa linganisha: molekuli ya maji ina uzito wa 18, naitrojeni 28, oksijeni 32. Ukitoa nzito ukaweka nyepesi, jumla lazima ishuke.

Tofauti yenyewe ni ndogo, maana mvuke ni nadra kuzidi asilimia 4. Uzito unaouhisi mwilini ni jasho lisilokauka upesi. Na ule ukungu wa asubuhi za Julai? Huo si mvuke, ni matone ya maji yanayoelea.