Neno refu la Kiingereza lisimtishe mwanao wa fomu wani, mfundishe kulikata

Wazazi na walimu wenzangu wa Tanga, watoto wetu wengi wametoka shule za msingi ambako kila kitu kilikuwa kwa Kiswahili ukitoa somo la Kiingereza lenyewe, halafu wakiingia fomu wani bayolojia, jografia na hesabu vyote vinageuka Kiingereza kwa siku moja. Sisi tunaoandaa walimu hapa chuoni tukienda madarasani tunaona wanapokwama, ni kwenye maneno marefu. Mtoto anakutana na "photosynthesis", anasoma herufi tatu za mwanzo zilizobaki anabuni.

Na huyu huyu mtoto maneno marefu anayakata kila siku! Mpe "hatutawafundisha" atakwambia ha- ni ya kukanusha, -tu- ni sisi, -ta- wakati ujao, -wa- hao wa kufundishwa. Kiingereza nacho kina viambishi na mizizi, shida ni kwamba hatumwambii.

Tuanze na bandarini kwetu. "Import" na "export" kila mtu Tanga anazisikia. Hiyo "port" ya ndani imetoka Kilatini na maana yake ni kubeba, wala siyo bandari. "Im" ni kuingiza, "ex" ni kutoa nje, basi ukiweka "trans" ambayo ni kuvusha upande wa pili unapata "transport", ukiongeza "ation" inakuwa jina la tendo, "transportation". Mzizi mmoja, maneno manne. Turudi kwa "photosynthesis" yetu, hii ni ya Kigiriki, "photo" mwanga, "syn" pamoja, "thesis" kuweka, yaani kuweka vitu pamoja kwa mwanga, na ndicho jani linachofanya, linaunganisha maji na kabonidayoksaidi kwa nguvu ya jua linapata sukari. Mtoto akishaona hivo nusu ya somo ameshaielewa.

Silabi ni kazi nyingine, hizo ni za mdomo. Pho-to-syn-the-sis, tano. Kila silabi ina sauti moja ya irabu, nasema sauti siyo herufi, ndo maana "like" ni silabi moja japo watoto wetu wanasoma "li-ke". Konsonanti mbili zikiwa katikati ya irabu mara nyingi unakata kati yao, num-ber, prob-lem, ila "th", "sh", "ph" usizitenganishe, fa-ther. Halafu silabi na maana hazikati sehemu moja: mdomoni ni trans-por-ta-tion. Mimi nashauri mtoto atafute maana kwanza, matamshi baadaye, na kwenye matamshi ajue mkazo wa Kiingereza unahama, haukai silabi ya pili toka mwisho kama wetu. Ila yanayoishia na "tion" ni rahisi, mkazo unakaa silabi iliyo kabla yake.

Angalizo moja kwa walimu. Siyo kila "un" ni ya kukanusha, "uncle" ni mjomba tu. Mwambie mtoto atoe kipande cha mbele aone kinachobaki kama kinaishi, "unhappy" inabaki "happy", sawa, "uncle" inabaki "cle", hakuna kitu. Lakini nayo ina mipaka maana "reject" ukitoa "re" inabaki "ject" ambayo haisimami peke yake na bado ni mzizi wa kweli, ni kutupa au kurusha, hapo atafute ndugu zake, "project", "inject", ile ya sindano ya hospitali, kuitupia dawa ndani.