Je, Wajua? Kwa Nini Wajapani Wana Majina Mawili ya Opera

Mjapani akitaka kuandika opera hutumia alama tatu tu za katakana, mwandiko unaotumika hasa kwa maneno ya kutoka ng'ambo: o, pe, ra. Neno hili halikumsumbua mtu. Kila konsonanti ina irabu nyuma yake, jambo linalokipendeza Kijapani kama linavyokipendeza Kiswahili. Krismasi, maskini, ilibidi igeuke kuwa kurisumasu.

Kuna jina la pili, kageki, lililoundwa kwa herufi za Kichina: ka ni wimbo, geki ni mchezo wa jukwaani. Maana yake ni ileile, ila matumizi yameachana. Anayekwenda kutazama La Traviata, opera ya mtunzi Mwitaliano Verdi, leo atakuambia anakwenda opera. Kageki limebaki zaidi kwenye maandishi rasmi na majina ya vikundi, na hapo ndipo mgeni hupotea njia.

Wajapani walianza kuigiza opera nzima wenyewe mwaka 1903, pale Shule ya Muziki ya Tokyo, kwa Orfeo, opera ya mtunzi wa Ulaya Gluck. Hayo yalikuwa mambo ya wasomi. Aliyeipeleka mitaani ni Asakusa, mtaa wa starehe wa Tokyo. Kuanzia 1917, kumbi zake zilijaa vijana waliokuja kusikiliza operetta, yaani opera nyepesi za kufurahisha, zilizofupishwa na kuimbwa kwa Kijapani, huku wakiwashangilia waimbaji kwa kelele. Mashabiki hao sugu waliitwa peragoro: pera ni opera iliyokatwa kichwa, na goro inasemekana imetokana na gorotsuki, yaani wahuni. Tetemeko la Septemba 1, 1923 na moto uliofuata viliziteketeza kumbi hizo, na shamrashamra ile haikurudi tena.

Sasa tuje kwa Takarazuka Kagekidan, kundi la mji wa Takarazuka mkoani Hyogo. Lilianzishwa 1913 na Kobayashi Ichizo, mwenye kampuni ya reli aliyetaka abiria wapate sababu ya kupanda treni hadi mwisho wa njia. Onyesho la kwanza, 1914, lilifanyika kwenye bwawa la kuogelea la ndani lililokosa wateja kwa ubaridi wa maji; lilifunikwa mbao, watazamaji wakakaa juu yake. Waigizaji wote ni wanawake, hata wanaocheza nafasi za wanaume. Jina lina kageki, lakini ukienda ukitarajia Verdi utashangaa: ni tamthilia za nyimbo, dansi na manyoya ya kumetameta.

Na bado opera imejipenyeza humo. Darubini ndogo ya kutazamia jukwaa huitwa opera gurasu, na mashabiki wa Takarazuka hulifupisha jina hilo kuwa opera. Mmoja akisema aliinua opera yake nyota alipotokea, anazungumzia darubini.