Kiungo Pepe Si Waya: Dhana Potofu Kuhusu OSPF

Reli ya Mpanda haianzii Tabora. Inachepuka Kaliua, kwenye njia iendayo Kigoma, hivyo abiria wa Mpanda anayetaka kufika Mwanza hana budi kupita Kaliua na Urambo hadi Tabora, ndipo ashike njia ya kaskazini. Tuseme basi kuna mtandao wa kompyuta unaofuata reli hiyo: unatumia OSPF, itifaki ambayo ruta (vifaa vinavyoelekeza data) huifuata kuchagua njia, na ambayo hugawa mtandao katika maeneo. Tabora ni eneo la 0, yaani uti wa mgongo wa OSPF, Urambo na Kaliua ni eneo la 1, na Mpanda ni eneo la 2, lililoungwa Kaliua tu. Mtandao huu ni wa kubuni, lakini makosa yanayofanywa katika mitandao ya namna hii ni ya kweli.

Wapo wanaodhani kwamba OSPF hujumlisha njia yenyewe, yaani hutangaza anwani nyingi kwa tangazo moja, kila zinapovuka mpaka wa eneo. Dhana hii inaelekea kurithiwa kutoka RIP toleo la kwanza, itifaki nyingine ya kuchagua njia, ambayo kweli ilijumlisha kwa kufuata madaraja ya anwani. Katika OSPF, ruta ya mpakani, yaani iliyo kati ya eneo moja na jingine, hutangaza kila mtandao mdogo wa eneo lake mpaka fundi aiagize vinginevyo. Wala agizo hilo haliwekwi kwenye ruta yoyote tu, bali kwenye ile ya mpakani, kwa kuwa ruta zote za eneo moja lazima ziwe na picha ile ile ya hali ya viungo. Ukimficha jirani wa ndani sehemu ya picha hiyo, hesabu ya njia fupi huharibika.

Dhana iliyo hatari zaidi ni kwamba kujumlisha ni faida tupu. Ni kweli kwamba majedwali ya njia hupungua na kwamba kiungo kinachozimika na kuwaka huko Urambo hakisumbui tena ruta za maeneo mengine. Lakini tangazo la jumla ni ahadi, na ruta huendelea kuitoa maadamu imebaki na mtandao mmoja tu kati ya ile iliyojumlishwa. Chukua Urambo yenye 10.20.0.0/24 na 10.20.1.0/24, na Kaliua yenye 10.20.2.0/24 na 10.20.3.0/24 (namba baada ya mkwaju ikipungua, fungu la anwani hukua). Ruta mbili za mpakani zilizoko Tabora, moja ikiwa na waya wa Urambo na nyingine wa Kaliua, zote zinatangaza 10.20.0.0/22, fungu linalobeba mitandao yote minne. Siku waya kati ya Urambo na Kaliua unapokatika, zote mbili zinaendelea kutangaza anwani zote, na pakiti (kipande cha data) iendayo Kaliua iliyoangukia ruta ya mpakani yenye waya wa Urambo hutupwa. Kama pasingekuwa na ujumlishaji, ruta hiyo ingejifunza njia ya Kaliua kupitia uti wa mgongo, na watumiaji wasingehisi kitu. RFC 2328 ya mwaka 1998, waraka wa kanuni za OSPF, inalitahadharisha jambo hili: fungu moja la anwani lisigawanyike pale eneo linapokatika vipande. Dawa yake hapa ni nyepesi, yaani kutangaza 10.20.0.0/23 na 10.20.2.0/23 mbalimbali, ila inamfaa tu aliyegawa anwani kwa mpangilio tangu mwanzo.

Sasa tuje Mpanda. Kwa kuwa eneo la 2 haligusi uti wa mgongo, jambo ambalo OSPF hulidai kwa kila eneo, fundi huweka kiungo pepe kati ya ruta ya mpakani ya Kaliua na ile ya Tabora yenye waya wa Urambo, kisha huamini kwamba amechimba handaki linalobeba data juu kwa juu. Hajachimba kitu. Kiungo pepe ni makubaliano ya ruta mbili kubadilishana taarifa za eneo la 0 kana kwamba ni majirani. Pakiti za watumiaji hupita katika waya zile zile za eneo la 1, kama behewa la Mpanda linavyopita Urambo kwenye reli ya kila siku. Eneo la 1 likiyumba, kiungo pepe nacho huyumba. Kwa sababu hiyo, mimi hukihesabu kuwa gongo la kutembelea mguu ukiuma, si mguu.

Kwa kuwa ruta ya Urambo ndiyo inayozisukuma pakiti hizo, ni lazima izijue njia za mbele kwa ukamilifu. Ndiyo maana eneo la kupitia, yaani lile linalobeba kiungo pepe, haliruhusiwi kuwa lile linalozuia njia za nje. Ndiyo maana pia RFC hiyo hiyo inaelekeza kwamba mafungu ya anwani yaliyopangwa kwa uti wa mgongo yapuuzwe yanapotangazwa ndani ya eneo la kupitia. Fundi aliyejumlisha anwani za Tabora, kisha akaziona bado zimetapakaa moja moja Kaliua, asikimbilie kuiwasha upya ruta: haijaharibika.