Ameamka kweli, au yuko mang'amung'amu?

"Nesi, huyu mtoto halali."

Maneno hayo nayasikia karibu kila siku ya kliniki, na mara nyingi anayeyasema ana macho mekundu na blauzi kaigeuza nje ndani. Hivi karibuni alikuja mama mmoja na mtoto wa wiki saba. Nyuma ya karatasi alikuwa ameandika saa zote alizoamshwa usiku wa kuamkia siku hiyo: saa tatu na nusu, saa tano kasorobo, saa sita na robo, saa saba, saa nane kasoro, na kuendelea hadi alfajiri, mwandiko ukizidi kupinda kadiri usiku ulivyosonga. Nikamuuliza swali moja tu: katika hizo mara zote, ni ngapi alimkuta mtoto amefumbua macho? Akanyamaza. Hakuwa ameangalia. Mtoto akiguna, yeye anamnyanyua.

Naanzia hapo kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita kuamka, kwa mtoto wa miezi miwili mitatu ya kwanza, si kuamka hata kidogo.

Mtu mzima akipitiwa na usingizi huzama kwanza kwenye usingizi mzito, ndoto hufuata baadaye. Mtoto mchanga huingilia mlango mwingine. Huanza na usingizi mwepesi ambao mimi nauita usingizi wa pilikapilika, na takriban nusu ya usingizi wake wote ni wa aina hiyo. Kwa mtu mzima unaofanana nao, yaani ule wa ndoto, ni kama robo tu. Tena mzunguko wake mmoja huisha ndani ya dakika 50 hadi 60, wakati wetu huchukua kama dakika 90. Kila mzunguko unapoisha ni kama kizingiti: ama anavuka na kuingia mwingine, ama anazinduka. (Usingizi wa ndoto wenyewe uliandikwa kisayansi mwaka 1953 tu, na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliogundua kwamba macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Mama aliyekaa na kichanga angeweza kuwaambia mapema zaidi.)

Mtazame mtoto akiwa katika hali hiyo. Uso unakunjamana kama wa mzee aliyeonja ndimu, halafu unatabasamu. Kope zinafunguka kidogo, unaona weupe wa jicho, zinafunga. Pumzi inakwenda haraka, inasita sekunde chache, inarudi. Anajinyonganyonga, anatupa mkono, anaguna, anatoa kilio kifupi kimoja kinachokatika katikati. Ukiwa gizani unasikia tu sauti, unaapa kwamba ameamka.

Mimi mwenyewe niliingia mtego huo. Mtoto wangu wa kwanza nilimpata nikiwa tayari muuguzi wa watoto, na kila alipoguna nilikuwa nimeshamweka kifuani kabla hajamaliza kuguna. Usiku mmoja uchovu ulinizidi, nikamsikia nikashindwa kunyanyuka. Akajinyoosha, akalalamika, akachezesha mdomo kama anayetafuna hewa, akatulia. Alilala dakika 40 nyingine. Nikabaki nimekodoa macho gizani nikihesabu ni mara ngapi nilimwamsha mimi mwenyewe, kisha asubuhi nikalalamika kwamba haniachi nilale.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo mno, hata wengine huona kama nawatania: subiri. Si dakika kumi, wala sisemi umwache alie. Pumua taratibu mara kumi huku ukimsikiliza na kumtazama. Akiendelea kuguna macho yamefumba, muwekee kiganja kifuani bila kumnyanyua. Akifumbua macho, akageuza kichwa huku na huku akitafuta, akaanza kunyonya ngumi, hapo ana njaa, na umpe ziwa mara moja. Usingoje kilio, maana kilio ni dalili ya mwisho ya njaa, na mtoto aliyelia sana huchukua muda kushika ziwa na muda zaidi kulala tena.

Na njaa ya usiku ni ya kweli. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama husagika haraka kuliko ya kopo, na mtoto mchanga huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mwili wa mama nao una hesabu zake: homoni ya prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, hupanda zaidi usiku. Kunyonyesha usiku ndiko kunakoyashikilia maziwa katika wiki za mwanzo. Kama mtoto bado hajarudia uzito aliozaliwa nao, jambo ambalo wengi hulifikia kwenye wiki ya pili, usifurahie akilala saa sita mfululizo. Mwamshe anyonye.

Kingine ni kwamba hajui usiku ni nini. Saa ya mwili wake bado haijapata mafundi. Melatonini, homoni inayoambia mwili kuwa giza limeingia, huanza kutoka kwa mpangilio kwenye miezi mitatu hivi. Kabla ya hapo anapata kidogo kupitia maziwa ya mama yanayotoka usiku. Unaweza kuisaidia saa hiyo ishike majira. Mchana mtoe kwenye mwanga, zungumza naye, kelele za nyumbani ziache. Usiku uwe na uvivu: taa hafifu, sauti ya chini, hakuna kuchekeshana. Nepi ya mkojo kidogo iache. Ikibidi kubadilisha, fanya hivyo katikati ya kunyonya, baada ya ziwa la kwanza, siyo mwisho. Ukisubiri mwisho utakuwa umemlaza kwa ziwa kisha ukamwamsha kwa nepi, na kazi inaanza upya.

Kuhusu uji, ule mnaoambiwa mumpe mtoto ili alale usiku kucha. Nimechoka kugombana na watu juu ya uji, nitasema mara moja. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani waliwalinganisha watoto walioanzishiwa nafaka kwenye chupa kabla ya kulala wakiwa na wiki 5 na wale walioanzishiwa wakiwa na miezi 4. Usingizi haukutofautiana. Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, na hilo linatosha. Dawa ya mafua ya kumfanya asinzie, usithubutu.

Swali linaloudhi kuliko yote ni lile la wageni: "Analala usiku kucha?" Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watoto karibu 400, ulikuta kwamba wakiwa na miezi 6, asilimia 38 hawakuwa wakilala saa 6 mfululizo. Wakiwa na mwaka mmoja, bado asilimia 28. Na watafiti hawakuona kwamba watoto hao walikuwa nyuma katika ukuaji wa akili au wa viungo. Tena daktari mmoja wa Marekani, Thomas Anders, aliwahi kuwarekodi watoto kwa kamera usiku. Akakuta hata wale ambao wazazi walisema hawaamki, walikuwa wakiamka. Walifumbua macho, wakajizungusha, wakalala tena bila kumwita mtu. Tofauti ilikuwa kwenye kuita.

Uwezo huo wa kujirudisha usingizini huja polepole, na huwezi kuudai kwa mtoto wa wiki saba. Kuanzia miezi mitatu minne unaweza kumpa nafasi ya kuujaribu: mara moja kwa siku, labda mwanzoni mwa usiku, mlaze angali mang'amung'amu badala ya kungoja alale fofofo mikononi. Akikataa, mnyanyue, kesho ni siku. Zile mbinu za kumwacha alie kwa vipindi vinavyoongezeka ni mjadala wa baada ya miezi sita. Utafiti mdogo wa Australia wa mwaka 2016 haukuona madhara kwa watoto wa umri huo, na familia inayozihitaji siilaumu. Ila mtu akizipendekeza kwa kichanga, nafunga masikio.

Uchovu wenyewe una hatari moja ambayo ni lazima niitaje: kochi. Mama anakwenda kunyonyesha kwenye kochi ili asilale kitandani, anasinzia, na mtoto anateleza kati yake na mto. Hapo ni pabaya kuliko kitanda. Ukihisi usingizi utakuzidi, afadhali unyonyeshe kwenye godoro gumu lisilo na mito wala mablanketi karibu na mtoto, na ukizinduka mrudishe mahali pake, chumba hicho hicho, akiwa chali. Chali kila mara. Marekani ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu.

Wanaoniuliza kuhusu usingizi wa mtoto nawarudishia swali la usingizi wao. Mwili unaokatizwa kila saa hauponi kwa kujumlisha vipande. Tafuta kipande kimoja kirefu, saa nne hivi, kisichoguswa na mtu. Kwa anayenyonyesha, maana yake ni kumnyonyesha saa mbili usiku, kumkabidhi mtoto kwa baba au mwingine, na kwenda kulala hapo hapo, vyombo vikibaki kama vilivyo. Huyo mwingine anasikiliza kila kuguna, anabadilisha nepi, anamcheulisha, na analeta mtoto kwako pale tu njaa inapokuwa ya kweli. Na kama mtoto amelala, nyumba imetulia, nawe bado usingizi hauji usiku baada ya usiku, au unakuja na mawazo mazito, mwambie muuguzi au daktari. Hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, na inatibika.

Kuna kuamka ambako si kwa kusubiri pumzi kumi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi mitatu, kukataa kunyonya, kupumua haraka huku mbavu zikibonyea ndani, utosi uliovimba, degedege, au kulegea kusiko kwa kawaida: nenda hospitali usiku huo huo.

Yule mama wa karatasi alirudi baada ya wiki mbili. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Bado anaamka mara nne, akasema. Na wewe? Akacheka kidogo. "Juzi nililala saa nne mfululizo, nesi. Nikaamka nimeshtuka, nikaenda mbio kumtazama kama anapumua. Alikuwa anaguna tu."