Kushirikishwa si kumiliki

Siku hizi kila msitu ni "shirikishi". Wa serikali, shirikishi. Wa kijiji, shirikishi. Hata kikao cha kutangaziwa marufuku ya mkaa huitwa shirikishi, mradi watu wamesaini mahudhurio na soda zimenyweka.

Usimamizi shirikishi wa misitu ni utaratibu unaowapa wakazi wa kando ya msitu wajibu wa kuutunza na haki ya kufaidika nao. Basi.

Utata umo katika neno lenyewe. Mzizi wake, shiriki, ni wa Kiarabu, nao ndio uliotuzalia mshirika, shirika na ushirika, yote yakibeba wazo la kuwa na fungu ndani ya kitu. Ila "shirikishi" haikuchongwa kutoka shiriki, bali kutoka shirikisha. Anayeshiriki kaingia mwenyewe. Anayeshirikishwa kuna aliyemwingiza, na aliyemwingiza ndiye mwenye mlango.

Sheria ya Misitu ya Tanzania, ya 2002, haichanganyi kushirikishwa na kumiliki. Katika usimamizi wa pamoja, msitu ni wa serikali kuu au halmashauri, na kijiji huingia kwa mkataba. Misitu ya vyanzo vya maji, kama ya Milima ya Uluguru, haivunwi mbao. Kijiji hufanya doria, kikaambulia kuni kavu, mitishamba na mahali pa kutundika mizinga ya nyuki. Si ajabu doria kulegea ufadhili ukikatika.

Msitu wa hifadhi wa kijiji ni habari nyingine. Umo katika ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoutenga. Kamati ya maliasili hupima miti katika viwanja vya sampuli, yaani vipande vichache vinavyowakilisha msitu mzima, kipenyo kikichukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini, ndipo huandikwa mpango wa uvunaji na sheria ndogo. Upimaji ukirukwa, idadi ya miti ya kuuza hubahatishwa, na mti mzuri ndio huisha kwanza. Kule Kilwa, ambako vijiji huuza mpingo wa misitu yao, nyundo ya kutia alama hugongwa kwenye gogo na kwenye kisiki chake, na fedha huingia kijijini. Hapo anayeshirikishwa ni mnunuzi.

Kwa hiyo, mwandishi wa ripoti, kabla ya kuandika "shirikishi" uliza ardhi ni ya nani. Ikiwa ni ya kijiji, "msitu wa kijiji" inatosha.