Hela 20 za Tabora: anza na herufi L

Juzi mzee mmoja wa Kirumba alinifungulia kitambaa chenye sarafu nne, zote za hela 20, mwaka 1916. Akaniuliza bei. Nikamwambia, "Mzee wangu, bei baadaye. Nipe kwanza nizitazame herufi."

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sarafu za hela za Wajerumani zilizotumika huku zilichapwa Berlin na Hamburg, na zina alama ya A au J. Waingereza walipoziba njia ya baharini, chenji ikaadimika, ndipo karakana ya reli ya Tabora ikaanza kuchapa sarafu zake yenyewe. Alama yake ni T. (Neno letu "hela" lenyewe limetokana na Heller, jina la sarafu hiyohiyo kwa Kijerumani.) Mihuri ya kuchapia haikulingana, na tofauti hizo ndizo tunazowinda.

Upande wa taji ni rahisi: kuna taji kubwa na taji dogo. Kazi iko upande wa pili, kwenye neno HELLER. Tazama ncha za zile L mbili. Kuna muhuri ambao ncha zote mbili ni kali, mwingine zote zimepinda, na mwingine ni L ya pili tu iliyopinda. Hapo ongeza madini: nyingine ni shaba nyekundu, nyingine shaba ya manjano. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "ninayo ya Tabora", bado hajakwambia kitu.

Mimi hukaa dirishani asubuhi, jua likitokea ubavuni, lenzi jichoni, nikiizungusha sarafu polepole. Mwanga wa kutoka juu unaficha. Wa pembeni unaamsha kila kivuli. Ukikuta mstari, upitishie ukucha. Ukiwa umeinuka, muhuri ulikuwa na ufa: sarafu ilipogongwa, shaba iliingia ndani ya ufa huo. Ukiwa umezama, ni mkwaruzo tu, sarafu imeupata mitaani au mfukoni. Wengi wananunua mikwaruzo kwa bei ya nyufa, na inaniuma kila nikiona.

Kinachoniuma zaidi ni limao na mchanga. Sarafu mbili za mzee zilikuwa zimesuguliwa mpaka zinang'aa kama sufuria mpya, na ncha za L zimelika kabisa. Hazisomeki tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Tafadhali, usisugue. Ule weusi uache. Kama kuna udongo, loweka kwenye maji safi, kisha kausha kwa kuibonyezabonyeza na kitambaa laini.

Ya tatu ilikuwa na ncha kali zote mbili. Ya nne, nyeusi tii, L ya pili imepinda kama mkia wa ng'e, na juu ya taji kuna mstari mwembamba ulioinuka. Nikampa mzee lenzi aone mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akachana kipande cha kile kitambaa, akaifunga ile ya nne peke yake.